Kighala cha Zita

Nangwa, Hanang
Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Oliva,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ningependa uisome ukiwa umekaa, na mgongo uwe umepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua. Shemeji Alfredi hajambo? Mfikishie shikamoo yangu. Na kuku je, ule ugonjwa umewaacha? Sisi huku Mungu anatusaidia. Mahindi tumevuna nusu, mbaazi bado, na mlima unavaa ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mimi ni mzima wa mwili. Zita wako naye ni mzima, hana homa wala kikohozi, ila chakula anakigusagusa tu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Dada, simu kwa sasa siiamini. Barua hii nimempa katekista Tadeo mkononi, anakuja huko Mbulu kwenye semina yao, na nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine, hata shemeji. Kamati yetu ya chanjo ya mifugo itakupigia kukuita uje Alhamisi, wewe kama mama mzazi wa Zita, usikie mashtaka ya mwanao. Huenda wameshapiga. Naomba usiwajibu neno mpaka umalize kurasa hizi. Wanataka kumtoa Zita kwenye kazi na kumtangaza kanisani kuwa ni mtu wa kutoa siri za watu. Msichana akishatangazwa hivyo hapa Hanang, nani tena atampa kazi, nani atamwoa?

Acha nianze mwanzo.

Unakumbuka Zita alipomaliza chuo Arusha na kazi ikakosekana, ukaniambia nimpokee. Nikampokea kama niliyemzaa. Na kamati yetu, unajua mimi ndiye katibu tangu mume wangu Clement atangulie mbele za haki, ilikuwa inateseka na daftari. Kikosi cha chanjo kinazunguka Nangwa, Gehandu mpaka Getanuwas, kila boma na siku yake, na chupa ya chanjo ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Ukikosea idadi ya ng'ombe au siku, dawa inamwagwa na ndama wanakufa. Zita akasema atatutengenezea tovuti, kila mtu aone zamu yake kwenye simu. Mzee Maximilian, mwenyekiti wetu, akamwuliza kama hiyo tovuti itawashika na ng'ombe pembe. Watu wakacheka, lakini wakakubali.

Miezi miwili ilikwenda vizuri, kisha kurasa zikaanza kugombana. Ukurasa wa zamu ukasema Margwe wa Getanuwas ni Jumatano. Ukurasa wa daktari wa mifugo ukasema ni Alhamisi. Margwe akakusanya ng'ombe wake wote pale penye mti wa mkutano, akakaa nao juani tangu asubuhi mpaka jioni bila kuona mtu. Akanipigia kuniuliza kama hiyo chanjo inakuja kwa miguu kutoka Dodoma, maana kama ni hivyo atume mtu akaipokee njiani na maji ya kunywa.

Zita alinieleza tatizo tukiwa tunapepeta mbaazi za mwaka jana. Akasema kila ukurasa una nakala yake ya mambo, na ukurasa wa juu unampa wa chini yake, huyo anampa mwingine, hata asiyehitaji anabeba tu ili apitishe. Ni kama kumtuma mtu amwambie mtu amwambie mtu mpaka Katesh. Katikati mmoja akisahau, basi. Kwa hiyo ameamua kuweka kitu kinachoitwa laibrari, kidogo sana, kazi yake ni kutunza hali ya mambo yote, yaani vitu vilivyo sasa hivi, mahali pamoja. Yeye anapaita kighala. Ukurasa wowote ukitaka kujua kitu hauulizi mwenzake, unachungulia kighalani. Na kitu kikibadilika mle, wote wanaochungulia wanaona saa hiyohiyo. Alisema zipo nyingine kubwa, lakini hizo zinataka uandike mengi kwa kila jambo dogo, kama kuomba kibali cha kukata mti wako mwenyewe. Hii yake haifiki hata uzito wa picha moja ya harusi kwenye simu.

Nikamwuliza nani ameitengeneza. Akasema ni watu wa nchi mbalimbali, hawajui kwa sura. Wanauza kiasi gani? Akasema ni bure. Dada, moyo wangu ulishtuka pale. Mtu usiyemjua, hakujui, anakupa kitu bure, na kazi ya kitu chenyewe ni kukaa katikati ya nyumba na kusikia kila kinachosemwa? Akaniambia kila mtu anaweza kusoma kilichomo ndani, hakuna kilichofichwa. Nikamwambia hata nyoka ukimtazama humwoni tumboni. Akacheka, akanibusu shavu. Siku ile aliniuliza maswali mengi, mengine nikayajibu huku macho yangu yapo kwenye ungo.

Sasa sikia lililotokea. Unajua watu wetu hawaweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Wawili kwa rafiki Gehandu, watatu kwa Margwe Getanuwas, ili ugonjwa ukija au wezi wakija, mtu asimalizike. Na mwenye haulizwi hadharani, mtunzaji hatangazi. Ni heshima, ni usalama pia. Lakini ng'ombe akifa wakati wa chanjo ni lazima mwenyewe ajulishwe, kwa hiyo watu walikuja kuninong'oneza mimi katibu: yule mwenye doa ni wangu, yule dume pale kwa fulani ni wa mama yangu. Nilikuwa nayaandika kwenye ukurasa wa katibu aliokuwa amenitengenezea Zita. Huo ulikaa ndani ya simu yangu peke yake, hauendi popote.

Jumapili ya juzi ile, siyo jana, tumetoka Misa ya kwanza, nikasikia kelele upande wa wanawake. Jenifa alikuwa ameshika simu juu kama mtu anayenadi. Ukurasa wa mifugo ulikuwa unaonyesha, kwenye simu ya kila mtu, jina la mtunzaji na jina la mwenye. Yote niliyonong'onezwa. Jenifa alikuwa amekuta mume wake Gervasi ana ng'ombe wanne Gehandu ambao hajawahi kusikia habari zao miaka kumi na sita ya ndoa. Gervasi akasema hao ni wageni tu, wamepita. Jenifa akamwuliza wageni gani wanaozaa, na kama anao wageni wengine wa miguu miwili amtajie hapohapo mbele ya Padre. Watu walicheka, dada, lakini kicheko kilikufa haraka kila mmoja alipofungua simu yake na kujikuta. Mzee mmoja alikaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa. Ng'ombe aliokuwa amewaweka kwa ajili ya binti yake kilema sasa walikuwa wanaonekana na kaka zake wote watano.

Zita aliondoa ukurasa ule kabla watu hawajafika nyumbani. Lakini kilichoonekana kimeonekana.

Kuanzia hapo kijiji kizima kikawa macho. Mtu akikusalimia unajiuliza anataka kujua nini. Mzee Maximilian aliita kamati Jumanne, akauliza hao wageni wa laibrari wanataka nini na majike yetu. Mwingine akasema ni wezi wa mifugo wamemtuma msichana. Mwingine akasema serikali. Jenifa akasema yeye hajali nani kamtuma, anamshukuru, ila hata hivyo msichana asiaminiwe tena. Waliponigeukia mimi, nilisema, Mungu anisamehe, kwamba hata mimi sikuipenda hiyo laibrari tangu mwanzo, na kwamba nilimwonya. Niliona vichwa vinatikisika kwa kunikubalia. Nikaendelea, nikasema msichana huwa anazungumza na wenzake wa Arusha kwa Kiingereza na mimi sielewi wanachopanga.

Halafu Zita akaitwa. Akasimama na ile sketi yake ya bluu uliyomshonea. Akasema laibrari haina kosa. Yenyewe haichagui cha kuonyesha wala cha kuficha, inatunza unachokiweka. Kosa lilikuwa kwenye kazi yake mwenyewe: aliingiza kurasa zote kighalani, na ule wa katibu pia, kisha akaagiza kighala kizima kitumwe kwenye tovuti kama kilivyo, ili simu zote zisome mambo yaleyale. Alitakiwa kuutenga ukurasa wa katibu, hakuutenga. Mzee Maximilian akamwuliza kwa nini hakuutenga, yeye mtu aliyesoma. Zita akasema, "Kosa ni langu, mzee." Mzee akauliza, hakukuwa na mtu wa kumwambia mle mna siri? Zita akasema tena kosa ni lake.

Wakati anasema hivyo hakunitazama. Nilijua hanitazami kwa makusudi.

Nikarudi nyumbani nikaanza kumchunguza mwanao kama mwizi. Nilisikiliza mlangoni akiongea na simu. Siku ya Alhamisi alipokwenda kisimani nilifungua begi lake, dada, mimi mtu mzima wa chama cha Moyo Mtakatifu. Nilikuta daftari lenye michoro ya visanduku na mishale, sanduku moja kubwa katikati. Nilitafuta jina la mtu, nilitafuta namba ya simu ya kigeni. Ukurasa wa mwisho nikakuta ameandika kwa Kiswahili orodha ya mambo ya kufanya kabla ya kuweka kighala. Mstari wa tatu umeandikwa: "Kumwuliza mama mdogo kama ukurasa wake una kitu watu wasichotakiwa kuona." Na pembeni ameweka alama ya vema, na neno moja: "Amesema hakuna."

Sasa dada, naandika lile ambalo kwa ajili yake nilikwambia ukae.

Ni kweli aliniuliza. Siku ileile ya mbaazi. Aliacha kupepeta kabisa, akaniuliza mara mbili. Nikamjibu hamna kitu, majina tu, weka, nikidhani ukurasa wangu utabaki ndani ya simu yangu kama zamani. Kwenye kamati nilikaa kimya mwanao akibeba. Siyo kwamba nilisahau. Nilikumbuka kila neno.

Na kwa nini nilisema hamna kitu? Kwa sababu ningesema kipo, angefungua asome ili ajue cha kutenga, na angekuta mstari huu: Margwe, Getanuwas. Ng'ombe wanne. Mwenye: Oliva, Mbulu.

Ngano hakufa, dada. Yule ng'ombe wa mama, aliyeitwa hivyo kwa rangi yake ya ngano iliyoiva, mwenye pembe moja iliyovunjika ncha. Mwaka ule wa ukame nilipokutumia habari kwamba ameanguka, alikuwa mzima. Nilimpeleka Getanuwas kwa Margwe pamoja na ndama wake. Ile ngozi Tadeo aliyokuletea, ambayo ulisema unaiweka chini ya miguu yako wakati wa kusali Rozari, niliichukua kwa mchinjaji wa Katesh. Ni ya ng'ombe mwingine wa rangi ileile. Tadeo hakujua chochote, usimlaumu.

Nilijiambia namficha ili shemeji asimwuze. Ni uongo, shemeji hajawahi kuuza hata kuku wako. Ukweli ni kinyongo. Miaka mitatu mama alipokuwa amelala, nani alimgeuza, nani alimfulia? Wewe ulikuja mara mbili, na mara ya pili mama akakushika mkono akasema Ngano ni wa Oliva. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nimeshika beseni. Akanipa mimi baraka na wewe akakupa ng'ombe. Nilimpenda mama, nawe nakupenda, lakini lile beseni sikuwahi kulitua.

Hata hivyo sikuweza kusema ng'ombe ni wangu. Margwe aliponiuliza mwenye ni nani nilimwambia ni dada yangu Oliva, maana mtunzaji ukimdanganya, ng'ombe hata akizaa hana heri. Na yeye miaka yote hii ananiambia nimsalimie mwenye ng'ombe. Salamu zote hizo nilizikalia. Ulipokuja ukurasa wa katibu nikaandika jina lako, nikajiona nimetubu kidogo bila kumwambia mtu. Na kila Jumapili nimekwenda kupokea Komunyo na mdomo huuhuu. Nilimshuku mtu wa ng'ambo aliyetoa kitu bure, nikamshuku mtoto wako.

Jana baada ya Misa nilikwenda kwa Padre kuungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimrudishie mwenye mali yake na msichana jina lake, na nisikae wiki. Nikatoka nikamkuta Zita nje ya nyumba anachagua mchele. Nilipiga magoti, dada, mbele ya mtoto wangu. Nikamwambia yote. Aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema alijua tangu Jumapili ile ya kelele. Aliona jina la mama yake kwenye mstari, akaona umetoka kwenye simu gani. Kighala chake kinakumbuka kila badiliko na mahali lilikotoka, anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayefuata nyayo. Nikamwuliza kwa nini basi alisimama mbele ya wazee akajitwika. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri, mama mdogo. Ningekutaja mimi, ungekuwa umekamatwa. Nilitaka uje mwenyewe."

Unaona umezaa mtu wa namna gani.

Jana hiyohiyo nilimpigia Margwe nikamweleza. Akaniambia, "Fabiola, mimi miaka hii nimekutunzia ng'ombe. Hukuniambia kwamba natunza na hilo lingine." Kisha akasema Ngano ameota kitambi, na binti yake Ngano amezaa jike mwezi wa Pasaka. Kuna dume mmoja pia. Ndio hao wanne. Mmoja mwingine alizaliwa, tukampa yeye kwa utunzaji kama ilivyo kawaida. Alisema pia kwamba sasa zile salamu zake atazituma mwenyewe, nimpe namba yako.

Alhamisi mimi ndiye nitakayesimama wa kwanza, kabla hawajamwita mtu. Nitawaambia wazee kwamba msichana aliuliza, na katibu alidanganya, na siri zao zilitoka kwa mdomo wangu wa kusema hamna kitu. Ukatibu nitauweka mezani. Lile la kutangazwa kanisani, nitaomba litajwe jina langu. Yule mzee mwenye binti kilema nitakwenda kwake kabla ya hapo, leo jioni, ingawa sijui nitasema nini.

Kwa hiyo, wakikuita, uje dada, lakini usije kama mzazi wa mshtakiwa. Njoo kama mwenye ng'ombe. Kama hutaki kulala kwangu, nitaelewa, nimeongea na Jenifa akupe kitanda. Gervasi siku hizi analala sebuleni, nafasi ipo.

Zita ameshatengeneza upya. Ukurasa wa katibu sasa uko nje ya kighala kabisa, na majina ya wenye mifugo amefuta yote, kila mmoja na siri yake imerudi kwake. Aliniuliza kama afute na ule mstari wa Margwe. Nikamwambia huo auache. Auweke kighalani, kwenye ukurasa wa wote, Nangwa, Gehandu na Getanuwas waone. Akanipa simu nikabonyeza mwenyewe, na vidole vyangu hivi vikubwa nikakosea mara mbili.

Nisalimie shemeji Alfredi, umweleze utakavyoona inafaa, nami nitamwomba msamaha uso kwa uso. Nisalimie Benedikta wa jirani na wanajumuiya wote. Zita anakusalimu sana, amesema viatu ulivyomtumia vimemtosha. Ile ngozi usiitupe, dada. Ng'ombe aliyeivaa hakukukosea chochote.

Nisamehe kadiri Mungu atakavyokuwezesha, hata kama ni kidogo kidogo.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,
Fabiola